Jino limenyamaza, je, bado nikaling'oe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na binti mmoja wa miaka sita, na ninamwogopa daktari wa meno. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu, maana kazini mimi ndiye ninayeitwa anapoonekana nyoka. Lakini hali ndiyo hiyo.

Nina gego la chini upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho. Lilianza kutoboka kama miaka minne iliyopita. Nikinywa kitu baridi lilikuwa linashtuka kidogo halafu linatulia, basi nikahamia kutafunia kulia na maisha yakaendelea. Mwaka jana ubavu wake ulimeguka nikiwa nakula, kipande chenyewe nadhani nilikimeza. Miezi miwili iliyopita ndipo lilipoamka. Shangazi, sijawahi kuumwa vile. Mchana nilijikaza, lakini usiku nikiweka tu kichwa kwenye mto linaanza kudunda sambamba na moyo, linapanda sikioni, linafika kwenye kipaji. Usiku nne nililala nimekaa. Kulikuwa na vidonge vya antibiotiki nyumbani, mke wangu alivibakisha alipokuwa anaumwa koo, nikavimeza siku tatu. Asubuhi moja nikaamka, kimya. Nikaligonga kwa kijiko, kimya. Nikalimwagia maji baridi, kimya.

Mke wangu hakuridhika, akanisukuma hadi nikaenda. Daktari alipiga picha ya eksirei akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Akasema jino limekufa na chini yake kuna usaha, tena limemeguka hadi chini ya fizi, kwa hiyo ushauri wake ni kuling'oa. Akanipa miadi ya Alhamisi ijayo. Kweli, pembeni ya jino hilo kuna kipele kwenye fizi, leo kipo kesho hakipo, nikikibonyeza kwa ulimi napata ladha ya chumvi yenye uozo. Ila maumivu hakuna hata chembe.

Kinachonirudisha nyuma ni cha zamani. Nikiwa na miaka 11 niling'olewa gego, shavu likiwa limevimba. Nilidungwa sindano na papo hapo kazi ikaanza. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nikapiga kelele, nikaambiwa mtoto wa kiume halii, na watu wazima wawili wakanishika mabega na kichwa. Mpaka leo nikinusa hewa ya chumba cha meno viganja vinaloa jasho.

Jino lisiloniuma naling'oa kwa nini? Si nitakuwa nimeenda kuyaamsha yaliyolala? Halafu natumia dawa ya presha kila asubuhi, na mwenzangu kazini anasema sindano ya ganzi inapandisha presha, na kwamba mishipa ya magego inaungana na macho, unaweza kung'oa jino ukapoteza jicho. Na la mwisho, binti yangu ana jino la mbele linacheza. Juzi aliniuliza, "Baba, na wewe unang'olewa? Utalia?" Nilikosa la kumjibu. Simu ya kuahirisha nimeshaishika mara mbili.

Anayeiogopa Alhamisi

*

Marahaba, mwanangu.

Simu iweke chini. Nitakueleza kwa nini, na kwa kirefu, kwa sababu mtu aliyeshikwa kichwa akiwa na miaka 11 anastahili kuelezwa. Ukiambiwa "jikaze" tu utakuwa umeshikwa mara ya pili.

Tuanze na huo ukimya, maana ndio unaokudanganya. Katikati ya jino kuna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kwako vijidudu viliingilia kwenye tundu hadi chumbani humo. Sehemu nyingine ya mwili ikishambuliwa inavimba, inapata nafasi. Ndani ya jino kuta ni ngumu kuliko mfupa, pa kuvimbia hapapo, ndiyo maana lilidunda na moyo na likazidi ulipolala, kichwa kinapopata damu zaidi. Sasa shinikizo hilo likiendelea, mshipa wa ndani unakosa damu, unakufa. Asubuhi ile ulipoamka kimya, aliyekuwa anapiga kelele alikuwa amekufa, mwanangu. Aliyemuua bado yumo, na amesonga mbele, ametokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Ndicho kile kivuli ulichoonyeshwa.

Na kipele chako kinanieleza mengi kuliko barua yote. Hicho ni mlango wa usaha. Umejitobolea njia kutoka mfupani hadi kwenye fizi, unavuja kidogo kidogo, kwa hiyo hakuna shinikizo, na bila shinikizo huumwi. Siku mlango huo ukijiziba, usaha utatafuta njia nyingine, na kwa magego ya chini njia nyingine huweza kuwa chini ya ulimi na shingoni. Basi nakuomba uelewe jambo moja kabla hatujaendelea: ukivimba chini ya taya, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, au ukapata homa pamoja na uvimbe, usingoje Alhamisi wala usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Vile vidonge vya mkeo havikukuponya. Dawa husafiri kwenye damu, na jino lililokufa haliingii damu, kwa hiyo haiwezi kumfikia mdudu aliyemo ndani. Huenda ilipunguza kidogo uvimbe wa nje, basi. Daktari anaweza kukuandikia antibiotiki maambukizi yakiwa yanasambaa, lakini hata hapo anajua lazima chanzo kiondolewe. Na mabaki ya dawa ya koo ya mtu mwingine, tafadhali, yasirudi tena mdomoni mwako.

Sasa, jino kufa si lazima ling'olewe. Mengi husafishwa mizizi kwa ndani, yakajazwa, yakavishwa kofia, na mwenyewe akayatafunia miaka na miaka. Ungekuwa umeniambia kwamba daktari ametaja koleo tu bila kueleza sababu, ningekutuma ukapate maoni ya mwingine. Lakini umesema limemeguka hadi chini ya fizi, na jino lisilo na ukuta wa kushikia kofia ni vigumu kuliokoa. Hata hivyo ni haki yako kuuliza, mara moja na kwa uwazi: "Kuna namna ya kulibakiza?" Akikujibu hapana na akakuonyesha sababu kwenye picha, umemaliza hilo, usilirudie tena saa nane usiku.

Nije kwenye ile siku ya miaka 11. Hukuwa mwoga. Ganzi haikuwa imeshika, na hakuna aliyengoja.

Usaha hugeuza nyama ya pale kuwa na tindikali, na dawa ya ganzi kwenye tindikali inashindwa kupenya vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Kila daktari wa meno anajua kwamba jino lenye uvimbe wa moto ndilo gumu kuliganzisha. Na kama lilikuwa gego la chini, mfupa wa huko ni mnene, dawa haiwezi kuupita kwa kudungwa pembeni ya jino. Inabidi sindano iende nyuma kabisa ya taya, pale mshipa unapoingilia mfupani, na baada ya hapo mtu asubiri dakika tano, wakati mwingine kumi. Wewe unasema "papo hapo kazi ikaanza". Ungekuwa mtu mzima ungenyanyuka ukaondoka.

Kama inakupa faraja, hata waanzilishi wa mambo haya yaliwakuta. Desemba 1844 daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, alivuta ile gesi inayochekesha watu, akamwachia mwenzake amng'oe gego yeye mwenyewe, akaamka akishangaa kwamba hakuumia. Mwezi uliofuata akaenda Boston kuwaonyesha wenzake. Mgonjwa akapiga ukelele katikati ya kazi, yaelekea gesi haikumtosha, na watazamaji wakamzomea Wells kuwa ni tapeli. Njia yake ilikuwa sahihi, kilichopungua ni kipimo. Siku hizi tunatumia dawa bora zaidi. Lidokaini, inayotumika sana, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Lakini hata hiyo isiposubiriwa haitofautiani na maji.

Kwa hiyo Alhamisi utafanya hivi. Utakula kabla ya kwenda, maana njaa na woga vikikutana mtu anaanguka. Dawa yako ya presha utaimeza asubuhi kama kawaida, usiiruke. Ukiketi tu, kabla hujafungua mdomo, sema maneno haya: "Nilipokuwa mtoto niling'olewa ganzi haijashika. Naogopa." Usione aibu. Wanasikia hayo kila siku, na daktari aliyeambiwa huenda polepole kuliko daktari anayekisia. Mtajie pia presha, jina la dawa yako, na chochote kingine unachotumia. Wengine wanaosoma hapa wanameza dawa za kuzuia damu kuganda, au za kuimarisha mifupa, au wana kisukari, au ni wajawazito. Hao nao waseme mapema, na wasiache dawa yoyote kwa kujiamulia. Kisha mkubaliane ishara: ukiinua mkono wa kushoto, anaacha. Wengi hawauinui hata mara moja. Lakini wewe hapo zamani mikono yako ilikuwa imeshikwa, ndiyo maana nataka safari hii iwe huru na iwe na kazi.

Sindano yenyewe utaisikia, kama kubanwa kwa sekunde kadhaa. Huenda moyo ukaenda mbio dakika moja au mbili, kwa sababu dawa nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo ili zikae muda mrefu na damu ipungue. Hapo ndipo rafiki yako alipopata habari yake ya presha, akaikuza. Kwa presha iliyodhibitiwa, kiasi kinachotumika kwa kawaida si tatizo, na daktari akijua atapima na kuchagua. Akikuta imepanda sana siku hiyo atakuahirisha yeye mwenyewe.

Baada ya dakika chache mdomo wa chini upande wa kushoto utaanza kuwasha, halafu utakuwa mzito, utadhani umevimba kama mkate uliolowa. Jipapase, utakuta uko vilevile. Nusu ya ulimi nayo italala. Hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imefika kwenye mshipa wenyewe. Mara nyingi kuna sindano ya pili ndogo kwa ajili ya fizi ya upande wa shavu, usidhani ya kwanza imeshindwa. Daktari atachokoa fizi kwa kitu chenye ncha akuulize unasikia nini. Jibu kwa ukweli. Ukisikia mchomo, sema mchomo. Utaongezewa.

Kuna kitu kimoja ganzi haikiondoi, na watu wengi wanatishika kwa kutojua. Utasikia kusukumwa. Sana. Na utasikia sauti, mkwaruzo na mlio kama wa mti mkavu, ambao unapitia kwenye mfupa hadi sikioni, kwa hiyo unausikia wewe kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Jino halikugandishwa kwenye taya. Limefungwa kwa nyuzi ndogondogo kuzunguka mizizi yote, na kazi ya daktari ni kuzikata nyuzi hizo kwa chombo chembamba na kulitikisa taratibu hadi tundu lipanuke. Kuvuta ni mwisho kabisa, na ni kidogo. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, na la kwako limemeguka, kwa hiyo akikwambia analigawa vipande viwili, hajaharibu kitu. Ni ufundi. Kusukumwa si maumivu. Kukiwa na maumivu makali, mkono juu.

La macho nalijibu kwa kifupi. Mshipa wa fahamu wa meno una matawi matatu: moja la taya la chini, moja la taya la juu, na moja linalokwenda kwenye paji na ngozi ya kuzunguka jicho. Ndiyo sababu jino linaweza kukuuma hadi kipajini, na ndipo uvumi ulipozaliwa. Lakini kuona ni kazi ya mshipa mwingine kabisa, unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Gego lako halijui hata kama una macho.

Ukimaliza utapewa kipande cha pamba ukiume kwa nguvu. Hapa ngoja nikupe ya kwangu. Mimi niling'olewa gego la chini miaka mingi iliyopita, likatoka vizuri, nikajiona shujaa. Niliambiwa niume pamba nusu saa hadi saa nzima. Baada ya dakika kumi nikaichungulia kwenye kioo. Nikairudisha. Nikaichungulia tena. Jioni ladha ya damu ikanichosha, nikasukutua kwa maji mdomo mzima, tena kwa bidii, nikatema kwa nguvu, nikasikia raha. Siku ya pili nikawa mzima kabisa. Siku ya tatu alfajiri, sikio. Nilidhani nimeingiwa na kitu sikioni. Maumivu yakashuka tayani, pumzi ikanuka, na nikikaa mbele ya kioo na tochi naona shimo tupu, kijivu, mfupa uko wazi.

Nililitema mwenyewe bonge la damu, ndivyo nilivyoambiwa niliporudi. Hiyo damu inayoganda kwenye tundu ndiyo kitambaa cha kidonda. Ikitoka mapema, mfupa unabaki uchi, wanaita tundu kavu. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, na kwa wavutaji sigara ndiyo usiseme. Daktari aliliosha, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa mtu. Nikawa nimeteseka siku moja na nusu kwa ubishi, nikimeza vidonge, nikidhani ndivyo kidonda kinavyopona. Kidonda cha kawaida maumivu yake hupungua siku hadi siku. Yakianza kupanda siku ya pili, ya tatu au ya nne, rudi.

Kwa hiyo saa 24 za kwanza: usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara, usiguse tundu kwa ulimi (utashindwa, lakini jaribu). Mate meza. Yakiwa na rangi ya damu hadi kesho yake si ajabu, mate kidogo yenye damu mdomoni huonekana kama ndoo. Ila mdomo ukijaa damu yenyewe, kunja pamba safi, weka juu ya tundu, uma kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia. Isiposimama, rudi kwa daktari. Ganzi hukaa saa mbili hadi nne, na katika muda huo usile wala kunywa cha moto, utajitafuna mdomo bila habari. Meza parasetamoli kabla haijaisha, kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni muulize daktari kwanza, kwa kuwa na dawa za presha huwa hazipatani sana. Aspirini ya maumivu acha, inazidisha damu. Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu, baada ya kula. Usipige maji huku na huku, inamisha tu kichwa yakae upande ule kisha yaachie yadondoke. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, kwa kulikwepa tundu.

Fizi itajifunga katika wiki chache, mfupa utajaza taratibu kwa miezi. Pengo uliza baadaye. Meno ya jirani huwa yanalilalia na la juu linashuka, kwa hiyo daraja au jino la kupandikiza ni mazungumzo ya kweli, lakini si ya Alhamisi.

Nimebakiza binti yako. Amekuuliza swali zuri na anataka kujua la kwake. Mwambie meno yenu hayafanani. Jino lake la utoto linayeyushwa mzizi na jino la ukubwa linalopanda chini yake, ndiyo maana linacheza, na litatoka jepesi kama ganda, karibu halina mzizi. La baba lina mizizi mirefu na linaumwa, kwa hiyo baba atapewa dawa ya kulilaza kwanza. Usimwambie haiumi hata kidogo. Mwambie sindano inabana, halafu mdomo unakuwa wa ajabu, na kwamba ukirudi utamwonyesha jinsi unavyoshindwa kutamka jina lake. Akikuuliza kama ulilia, mjibu kama ilivyokuwa.

Ukitoka huko, niandikie. Na pamba usiichungulie.

Shangazi